Chumba cha kwanza cha mpwa wangu

Godoro moja, ndoo mbili, sufuria mbili, jiko la makaa, mtungi wa maji wa lita 20, na lile sanduku la bati alilotoka nalo shule ya bweni, likiwa bado na jina lake kwa rangi nyeupe. Hiyo ndiyo mali yote tuliyopakia kwenye mkokoteni karibu na soko la Marikiti hapa Machakos, Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba mwaka jana. Nilimfuata mpwa wangu kwa miguu hadi kwenye ploti moja iliyo kando ya barabara ya Wote. Kodi ya chumba ilikuwa shilingi 3,500 kwa mwezi. Nikamkabidhi ufunguo, nikamshika mkono, nikaondoka.

Sikufika mbali. Kabla sijafika barabarani simu ililia. "Mjomba, stima ya hapa huwashwa vipi?"

Naam, wasomaji. Kijana wa miaka 19, aliyepita vizuri mtihani wa kidato cha nne na kupata nafasi katika Chuo Kikuu cha Machakos, alikuwa hajui kwamba mita ya stima ina njaa na hulishwa tokeni. Nilirudi nikamwonyesha. Niliporudi njiani mara ya pili nilijiuliza ni nani wa kulaumiwa kwa jambo hilo, na kila nilipohesabu watu, kidole kilirudi kwangu.

Mama yake ni dada yangu mkubwa. Kwa miaka mingi sasa amekuwa akifanya kazi ya nyumbani Riyadh, kule Saudi Arabia. Baba yake hayupo. Kijana aliingia bweni akiwa darasa la nne, na kila likizo alikuja kwetu Mumbuni, mahali ambapo mke wangu na binti zangu wawili walimpokea kama mgeni. Alipakuliwa chakula, akafuliwa sare, akapewa nauli ya kurudi shuleni. Tulimhurumia. Mtoto ambaye mama yake yuko mbali, ni nani atakayemtuma kununua vitunguu?

Sina ugomvi na shule za mabweni. Mwishoni mwa mwaka 2022, serikali ilipotangaza kwamba inataka kuondoa mabweni katika shule za msingi, wazazi walibishana sana, na mimi nilikuwa upande wa mabweni. Bweni lilimfundisha kijana wetu kutandika kitanda, kuamka alfajiri na kugawana na mwenzake kidogo alicho nacho. Lakini bweni ni kengele. Kengele humwamsha mtoto, humwita kula, humlaza. Pesa zake za matumizi huwekwa na mwalimu, akapewa kidogo kidogo. Kwa miaka tisa hakuna aliyewahi kumuuliza mpwa wangu: leo utakula nini, na ukishakula, kesho utabaki na ngapi?

Wazee wetu wa Ukambani hupenda kutukumbusha kwamba zamani kijana alifundishwa maisha pale thome, nje ya boma, wanaume walipokuwa wakiota moto jioni. Ni kweli. Marehemu baba yangu alichunga ng'ombe peke yake akiwa hajatimiza miaka kumi. Hata hivyo, tusidanganyane. Baba huyo huyo hakuwahi kuteleka chai hata siku moja. Alitoka kwenye sufuria ya mama yake akaingia kwenye sufuria ya mke wake, na katikati hapakuwa na pengo. Mimi nami nilifuata njia hiyo hiyo. Kijana wa leo, kinyume chake, anaweza kukaa peke yake miaka kumi kabla ya kuoa, na huyo atakayemwoa huenda akarudi kutoka kazini akiwa amechoka kumliko. Kwa hivyo yale ya thome hayatoshi.

Mke wangu ndiye aliyeligundua hilo mapema. Mwezi mmoja kabla ya kijana kuhama alituita jikoni sote wawili, mimi na yeye, akatupa visu na fungu la sukuma wiki. Binti zangu walikaa mlangoni wakicheka. Mboga niliyokata mimi ilikuwa mipana kama majani ya ndizi. Mwisho wa juma la kwanza kijana alikuwa ameweza kupika ugali usio na vidonge, mayai, na ndengu. Mimi niliweza mayai.

Somo lililonishangaza zaidi lilikuwa la muthokoi. Kwa msomaji ambaye si wa huku kwetu, muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa yakatolewa ganda la juu, kisha yakapikwa na maharagwe au ndengu. Ni chakula cha bei nafuu, nacho hushibisha. Kijana alinunua gorogoro moja, akaliweka jikoni bila kuloweka, akaketi kungoja. Makaa ya shilingi mia moja yaliisha, mahindi yakiwa bado yanagonga meno. Mke wangu hakumwambia neno. Jioni ya pili kijana mwenyewe aliloweka muthokoi na maharagwe usiku kucha, akapika Jumamosi sufuria nzima, akaila kwa siku tatu. Nilipomsifu alinijibu, "Mjomba, nimepiga hesabu. Makaa ndiyo ghali, si mahindi." Hapo nilijua kwamba yale ya jikoni hayatatusumbua.

Yaliyotusumbua ni ya mfukoni.

Awali dada yangu alikuwa akinitumia mimi pesa za kijana kwa simu, nami nikimpa shilingi 200 leo, 300 kesho, kila alipokuja kuomba. Nilijiona mlinzi mwema. Mke wangu aliniuliza kama nina nia ya kufanya kazi hiyo ya karani hadi kijana atakapopata mvi. Basi kuanzia mwezi wa Septemba tulikubaliana na mama yake kwamba zitumwe shilingi 9,000 kwa mara moja, ziingie kwenye simu ya kijana mwenyewe. Kodi 3,500. Zile 5,500 zilizosalia ni chakula, maji, tokeni, makaa, nauli na makaratasi ya chuoni. Huku kwetu maji si jambo la kupuuza. Bwawa la Maruba lina watu wengi wa kunywesha, na mifereji ikikauka mtungi hununuliwa.

Mwezi wa kwanza pesa ziliisha tarehe 12. Aliyezila ni viatu vipya, chipsi za jioni na data za simu. Alianza kutokea kwetu Mumbuni kila magharibi, akiwa na sababu mpya kila siku: amekuja kuwasalimu binti zangu, amekuja kuazima kitabu, alikuwa akipita tu. Tulimkaribisha mezani, naye akala na kushiba. Pesa hatukumpa. Mwezi wa Oktoba alifika tarehe 24 kabla ya kuishiwa, nasi tukaona ni maendeleo. Mkopo wa HELB ulipoingia alikuja mbio kunieleza kwamba amepata pesa. Ilibidi nimkalishe nimkumbushe kwamba hilo ni deni, kwamba bodi hiyo iliundwa mwaka 1995 ili ikopeshe, na kwamba mwaka mmoja tu baada ya kumaliza masomo ataanza kudaiwa. Alinyamaza akiitazama simu yake kama mtu aliyeambiwa kuku wake ni wa jirani.

Kisha ukaja Novemba.

Tarehe 10 ya mwezi huo mwangalizi wa ile ploti alinipigia simu kuuliza kama kijana wangu amesafiri, kwa sababu kodi haijalipwa na mlango una kufuli. Nilipiga simu ya kijana. Haikushikwa. Siku ya pili, ya tatu, ya nne, hivyo hivyo. Mtu ambaye hajawahi kutafuta kijana wa mwenziwe hawezi kuelewa siku kama hizo. Nilimwona kila mahali, kwenye kila boda boda iliyopita. Nililala nikiona uso wa dada yangu. Siku ya tisa nilimpata kwa rafiki yake, amekonda, analalia mkeka sakafuni. Nasi tukatoka nje, tukaketi juu ya jiwe, akanieleza.

Mwezi wa Oktoba alikuwa ameweka shilingi 50 kwenye mechi za kandanda ya Uingereza kwa simu yake, akashinda 1,400. Hakumwambia mtu. Aliona amepata njia ya kumpunguzia mama yake mzigo. Pesa za Novemba zilipoingia, aliichukua kodi yote, akaipanga kwenye mechi saba usiku mmoja. Sita zikawa kama alivyotaka. Ya saba ikaharibu. Akakopa kwenye simu ili kurudisha, nazo zikaenda. Baada ya hapo aliona aibu, akazima simu.

Nataka wazazi wasome vizuri hapo. Kijana huyu hakuwa mlevi, wala hakuwa mvivu. Alikuwa na nia njema na simu mkononi. Kenya ilipata sheria mpya ya kudhibiti kamari mwaka 2025, ikachukua mahali pa ile ya mwaka 1966, na mtu aliye chini ya miaka 18 hapaswi kucheza. Vizuri sana. Mpwa wangu ana miaka 19. Kwa sheria, yeye ni mtu mzima aliyejiamulia.

Usiku huo mimi na mke wangu hatukulala vizuri. Mimi nilitaka kulipa ile kodi kimyakimya, mambo yaishe, dada yangu asijue. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Baba watoto, ukilipa hii, utalipa hadi siku atakayooa." Nikamjibu kwamba nisipolipa atafukuzwa. Akasema, "Hatafukuzwa usiku huu. Nenda naye kwa mwenye ploti. Lakini ukifika huko, wewe funga mdomo."

Kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Mwenye ploti ni mama mzee, mjane, na vile vyumba ndivyo vinavyomlisha. Tuliketi kwake, chai ikaletwa. Kijana alianza kusema kwamba pesa zilichelewa. Yule mama alimtazama tu. Kijana akaanza upya, mara hii akasema ukweli wote, sauti ikitetemeka, mimi nikiwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili ili nisiingilie. Mama akamuuliza, "Mwanangu, sasa wewe unataka nifanye nini?" Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Alifikiri kitambo, akaomba alipe kwa mafungu matatu hadi mwisho wa Januari, juu ya kodi ya kila mwezi. Mama alikubali, akaongeza la kwake: awe akimsafishia tangi la maji kila Jumamosi hadi deni liishe.

Msimu wa maembe ulikuwa umeingia Ukambani. Likizo ya Desemba kijana alijipatia kibarua kwa mfanyabiashara mmoja, akipakia kreti kwenye lori kuanzia alfajiri. Mabega yalichubuka. Deni lile aliliua kabla ya Krismasi, na la simu likaisha Januari.

Lilibaki la mama yake. Mimi nilikuwa nimemficha dada yangu kwa majuma mawili, na ninakiri hapa kwamba nilikosea. Tulipokubaliana kwamba kijana amweleze mwenyewe, alitoka nje na simu akakaa karibu saa nzima. Mama yake hakumgombeza. Alimhesabia tu ni siku ngapi za kazi yake, kuanzia kuamka hadi kuzima taa, zinazokuwa shilingi 3,500. Kijana aliporudi ndani alikwenda moja kwa moja kuosha vyombo ambavyo havikuwa vyake. Ujumbe wangu mimi ulikuja usiku: "Nilikuachia mtoto mmoja tu." Sikuujibu hadi asubuhi, na jibu lenyewe sikumbuki kama lilikuwa la maana.

Kuna jambo moja ambalo kijana aliliomba mwenyewe baada ya hayo. Aliomba kodi isipitie kwenye simu yake kwa muda. Mama yake amtumie yule mzee moja kwa moja, na yeye apewe zilizobaki. Nilisita, kwa sababu niliona ni kama kurudi nyuma. Mke wangu aliona kinyume. Alisema mtu anayejua mguu wake mbovu ni upi hutembea vizuri kuliko asiyejua. Muhula ulipoisha aliomba tena apewe zote, na tangu hapo kodi hulipwa tarehe moja. Hunitumia picha ya risiti bila kuulizwa. Ya Mei alisahau kunitumia, nami nikajizuia kuuliza. Ilikuwa imelipwa.

Msidhani basi kwamba dawa ni kukaa kando kwa kila jambo. Mwezi wa saba mwaka huu, wakati huu wa baridi na mawingu ambapo Machakos jua huonekana saa sita, nilimtembelea jioni nikamkuta amefunga mlango na dirisha, jiko la makaa liko katikati ya chumba, limewaka vizuri, naye amejilaza anasoma. Alisema kichwa kinamuuma kidogo, labda ni mafua. Sikumpa nafasi ya kujifunza kutokana na kosa lake. Nilipiga teke mlango ukafunguka, nikalitoa lile jiko nje kwa mikono, nikaungua vidole, na nikamkemea kwa sauti ambayo majirani waliisikia. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Huingia kwenye damu ikachukua mahali pa oksijeni, kichwa kikauma, usingizi ukaja, na mtu asiamke. Kodi ikipotea hulipwa kwa kreti za maembe. Hili halilipwi. Kila kijana mnayempeleka kwenye chumba cha kupanga, mwambieni hilo siku ya kwanza, kabla hata ya tokeni: jiko hupoea nje, blanketi ya pili ndiyo ya kuotea baridi. Mimi sikumwambia. Nilimnunulia jiko nikamwacha.

Mambo madogo madogo mengine yamejipanga. Ana kitambulisho, amejiandikisha na SHA, ile iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na alipopatwa na homa mwezi wa nne alikwenda hospitali mwenyewe, nikapata habari akiwa ameshapona. Nilifurahi, na pia, nisiwafiche, niliumia kidogo.

Sasa kuna jipya. Mkataba wa dada yangu unaisha Desemba, naye amesema harudi tena Riyadh. Amekwisha kuniagiza nimtafutie nyumba ya vyumba viwili hapa mjini, chumba kimoja chake na kingine cha mwanawe. Miaka yote hii ambayo amepiga pasi nguo za watu, hiyo ndiyo nyumba aliyokuwa akiiona. Jumapili iliyopita kijana alikuja kwetu na sufuria ya ndengu aliyopika mwenyewe, tukala. Wengine walipoondoka mezani alisogea karibu. "Mjomba, tafadhali nisaidie kumwambia Mama. Ninampenda sana, na nitamtembelea kila siku. Lakini ningependa kubaki kwenye chumba changu."

Nilimwambia hayo ni maneno yake, ayaseme yeye. Akaniuliza, "Na akifikiri ninamkataa?" Sikuwa na jibu, na hata sasa sina. Mke wangu naye, ambaye kwa kawaida huwa nalo, aliendelea kupanguza meza.

Dada yangu hupiga simu kila Jumapili saa mbili usiku. Nimemwita kijana aje kwa chakula cha jioni leo. Simu ikilia nitaishika, nimsalimu dada yangu, kisha niiweke mezani mbele ya mpwa wangu.